Aliyetengeneza Aonje

Mwalimu Felista hakuwa mnywaji, na jambo hilo alilisema hata mahali ambapo hakuna aliyemuuliza. Pale Bondeni, mtaa wa mjini Kyela, alijulikana kwa mapazia yake meupe na kwa kuvuka barabara kila alipokaribia kilabu cha pombe, hata kama upande wa pili kulikuwa na dimbwi. Basi ingekuwa kichekesho, kama mambo haya yangekuwa ya kuchekesha, kwamba mwezi mzima kabla ya wageni wa posa kufika, chini ya kitanda chake kulikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyojaa maganda ya malimau yakiogelea ndani ya gongo.

Aliyekuwa akiposwa ni binti yake wa pekee, Asifiwe, muuguzi. Kijana alikuwa mtoto wa Mzee Sedekia, mfanyabiashara wa vitenge ambaye ukoo wake uko pande zote mbili za mto Songwe, nusu Kyela nusu Karonga. Barua ilikuwa imeshajibiwa vizuri. Kilichobaki ni wazee kuja kuiona nyumba anakotoka mtoto. Felista alikuwa mjane, kwa hiyo msemaji wa nyumba angekuwa shemeji yake, Oscar, mkulima wa mpunga kutoka Ipinda. Na Oscar ndiye aliyemtia wasiwasi kwa kusema kwamba watu kama wale hawawekewi soda mezani kama watoto wa sherehe ya ubatizo.

Hapo Felista akakumbuka semina ya walimu iliyofanyika katika hoteli moja ya ufukweni, Matema. Baada ya chakula waliletewa vibilauri vidogo vya kinywaji cha njano, baridi hadi glasi inatoa jasho, na mhudumu akaeleza kwamba ni kileo cha maganda ya malimau. Felista hakukigusa. Alichokipenda ni namna watu walivyovishika vile vibilauri, kwa vidole viwili, wakiongea taratibu. Alitaka wakwe zake wakae hivyo sebuleni kwake.

Akatafuta maelezo kwenye simu, akanunua pombe kali ya dukani akiificha ndani ya mfuko wa daftari za wanafunzi, akamenya malimau kama anavyomenya viazi. Baada ya wiki mbili alichovya ncha ya ulimi, akatema. Kilikuwa kichungu kama kwinini. Akarudia, safari hii akimenya kwa uangalifu, lakini pombe ya dukani ilikuwa nyepesi, haikuweza kuyatoa mafuta kwenye ganda, na alichopata ni maji yenye harufu ya sabuni ya vyombo. Hapo akajua anayetakiwa kuulizwa ni nani. Alilijua hilo siku tatu nzima na siku tatu hizo hakushika simu.

Mama yake, Kisa, alikuwa kijijini Ikolo, mwendo mfupi tu kutoka Bondeni. Miaka thelathini alikuwa anapika gongo ya ndizi, na hakuna aliyeipika vizuri kama yeye. Gongo hiyo ndiyo iliyomsomesha Felista hadi chuo cha ualimu. Ndiyo pia iliyowafanya wenzake darasani wanuse kola ya shati lake na kujifanya wamelewa. Alipokuwa darasa la sita, polisi walikuja wakauchukua mtambo, wakamtembeza mama yake mbele ya shule na pipa kichwani, na wanafunzi wote wakatoka madarasani kuangalia. Kisa alimwona binti yake katikati ya wale watoto akampungia mkono. Felista akageuza uso. Toka siku hiyo akawa anageuza uso, na alipohamia mjini akiulizwa habari za mama yake alijibu kwamba yupo kijijini, analima. Uongo haukuwa mkubwa, maana shamba la mpunga kweli lilikuwepo.

Alipopiga simu hatimaye, alizunguka sana. Aliuliza mvua, akauliza kakao, akauliza goti la mama yake. Mwishoni akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza dawa, kwamba anahitaji kidogo ile ya kwao, ile kali ya mwanzo inayotangulia kudondoka mtamboni.

"Ya nini, mwanangu? Una kidonda?"

"Ni ya wageni wa Asifiwe. Nataka kuloweka malimau."

"Usiguse kitu," Kisa akasema. "Nakuja mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, dumu la lita tano limefukiwa ndani ya mchele. Felista alivuta mapazia. Mama yake aliona akivuta, akajifanya anatafuta pa kuweka mchele.

Lakini baada ya hapo, lazima tuseme ukweli, wale mama na binti walifurahi. Kisa alimimina gongo kidogo kwenye kijiko akaiwasha kwa kiberiti kuipima, na moto ukawaka bluu, mtulivu, bila moshi. Akaomba wembe mpya. Akakaa kwenye kigoda na kuyavua malimau ngozi yake ya juu kabisa, nyembamba hivi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia ndani yake, ule weupe wa chini akiuacha wote kwenye tunda. "Uchungu wako wote ulitoka huku kwenye weupe," akamwonyesha. Felista akajaribu, akajikata, wakacheka. Kila baada ya siku tatu bibi yule alikuja kutoka Ikolo kutikisa chupa tu, kana kwamba mikono ya Bondeni haijui kutikisa. Walichemsha shira ya sukari wakaiacha ipoe usiku kucha, kwa sababu Kisa alisema ukiimimina ya moto kinywaji kinachafuka kama maji ya mtoni. Wakachuja kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa bila sabuni. Siku walipokiweka kwenye chupa tatu za mwisho kilikuwa cha njano safi, na Kisa alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii," akasema, "hujawahi kuniomba kitu cha mikono yangu."

Felista alikuwa na furaha, na papo hapo alikuwa anahesabu kichwani ni majirani wangapi wamemwona mama yake akiingia na kutoka.

Jumamosi ya wageni Kisa alifika mapema, amevaa gauni jipya la kitenge lenye mikono iliyotuna, na nywele zimesukwa. Alisimama katikati ya sebule akingoja kuambiwa kiti chake ni kipi. Bibi wa binti anayeposwa ana kiti chake, hilo hata mtoto mdogo Kyela analijua.

"Umependeza, mama," Felista akasema. "Ila sasa jikoni nani atakaa? Wale wasichana wa jirani wataunguza wali."

Kisa alimtazama. Hakuwa mjinga, na Felista alijua kwamba hakuwa mjinga. "Sawa," akasema. Akachukua khanga kuukuu iliyoning'inia nyuma ya mlango, ile ya kushikia sufuria, akaifunga juu ya gauni kutoka kifuani hadi miguuni, akaingia jikoni. Felista akajiambia kwamba ni kwa sababu ya wali. Alijiambia hivyo mara kadhaa wakati anapanga vitambaa vya viti, na kila mara ilimbidi ajiambie tena. Ukweli ni kwamba aliogopa. Wale watu wakijua binti wanayemwoa ni mjukuu wa Kisa wa gongo, wangenyanyuka na kuondoka.

Wageni walikuwa wanne. Mzee Sedekia mwenyewe, mnene, mpole, wa maneno machache. Dada yake Naomi, ambaye ndiye aliyeongea kwa niaba ya wanawake na kwa niaba ya wanaume walipochelewa. Na wajomba wawili waliokuja kujaza viti. "Mwagonile," wakasalimu mlangoni. "Ndaga," nyumba ikaitika. Oscar akawakaribisha vizuri, wakala wali na samaki, wakasifu mchele, wakasifu samaki, wakauliza nani kapika wakaambiwa yupo mama jikoni. Kisha Felista akatoka na sinia. Chupa imetoa jasho. Vibilauri vidogo sita, vimepangwa kama alivyoona Matema. Akamimina mwenyewe, njano ikameta, akakaa, akangoja wavishike kwa vidole viwili.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Wajomba walitazama meza. Naomi alitazama chupa. Felista aliendelea kutabasamu hadi mashavu yakamuuma ndipo akaelewa. Pombe ya nyumbani hailetwi mbele ya mgeni bila aliyeitengeneza kuionja kwanza, mgeni akiona kwamba haina sumu. Hata soda mtu hufunguliwa machoni pake. Felista alilijua hilo tangu anatambaa. Alimwona mama yake akionja mara elfu, kikombe kwa mikono miwili, kabla ya mteja wa kwanza wa asubuhi. Alilisahau kwa sababu Matema hakuna aliyeonja, na yeye siku zile zote alikuwa anapika kwa akili ya Matema.

"Kinywaji kizuri hiki, mwalimu," Mzee Sedekia akasema kumsaidia. "Kimetengenezwa na nani?"

"Mimi mwenyewe," Felista akasema.

"Basi onja, mama, tukufuate."

Alichukua kibilauri. Alidhani ni jambo dogo, kufumba macho na kumeza. Lakini kilipokaribia pua, chini ya limau na chini ya sukari ikapanda ile harufu, harufu ya nyumba ya Ikolo, ya shati lake la shule, ya lile pipa. Akakishusha. Akajaribu tena, kinywaji kikamwagika kwenye kidole. Sebule yote ilikuwa inamtazama. Maana ya mwenye nyumba kushindwa kunywa alichowapikia wakwe haihitaji kuelezwa, na Naomi alikuwa ameshaiondoa mikono yake mezani na kuiweka mapajani.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka. Kisa akatoka na ile khanga yake yenye masizi, akapiga magoti kwenye zulia mbele ya wageni.

"Mtusamehe, wazee," akasema. "Mwalimu huyu hanywi. Tangu nimfahamu hajawahi kunywa. Amesema ni yeye kwa sababu nyumba ni yake, lakini mkono uliotengeneza ni wangu. Mimi ndiye mpishi wake. Niruhusuni nionje."

Akakitoa kibilauri kwenye vidole vya binti yake, taratibu, akakishika kwa mikono miwili, akanywa chote, akakigeuza chini juu ili waone. Mzee Sedekia akachukua chake. Alikunywa kidogo, akakiweka mdomoni muda kabla ya kumeza, kisha akamtazama yule mama aliyepiga magoti, akanywa kilichobaki.

"Ndaga fijo, mama," akamshukuru sana.

"Ndaga, tata."

Wote wakanywa. Vicheko vikarudi. Naomi akasema hajawahi kuona kitu kinachopita kooni kwa adabu namna ile. Kisa akainuka kwa kushikilia goti lake bovu, akarudi kusimama kwenye mlango wa jikoni na sinia tupu, kama mpishi anavyosimama.

Sasa niseme, alijiambia Felista. Niseme huyu ni mama yangu. Lakini Oscar alikuwa ameanza kueleza ukoo, na si vizuri kumkatiza. Oscar mwenyewe, aliyemjua Kisa miaka ishirini na tano, aliyekula kwake misibani, alikuwa anaongea huku macho yake yako kwenye dari, na alipofika upande wa uzazi wa mama akaupita haraka kama mtu anayepita penye mbwa. Niseme akimaliza. Akamaliza, wakapiga makofi, na Felista hakusema. Aibu ilimjaa hadi masikioni, lakini ilikuwa aibu ya aina ile inayomfanya mtu akae kimya zaidi. Kila dakika iliyopita ilikuwa inamgharimu maelezo mapya: kwa nini hukusema mwanzo, kwa nini hukusema alipopiga magoti, kwa nini uliacha ajiite mpishi.

Wakamwita binti. Asifiwe alitoka chumbani alikokuwa amefichwa tangu asubuhi kama desturi inavyotaka, macho chini, na alipoyainua kitu cha kwanza alichokiona ni bibi yake mlangoni na khanga ya kushikia sufuria. Huyu ndiye bibi aliyemlea miaka minne, Felista alipokuwa masomoni. Akageukia upande ule, magoti yameanza kukunjika.

Kisa akatikisa kichwa. Mara moja tu, kidogo sana.

Asifiwe akamtazama mama yake. Alimwuliza kwa macho, wazi kabisa, na Felista akainama kunyoosha kona ya kitambaa cha meza ambayo haikuwa imekunjika. Basi mtoto akaenda. Akapiga magoti kwa Mzee Sedekia, akapiga kwa Naomi, kwa wajomba wote wawili, kwa baba yake mkubwa Oscar. Kurudi kwake alipita mbele ya bibi yake, karibu hivi kwamba gauni lake liligusa sinia, na hakusalimia.

"Mtoto ana heshima huyu," Naomi akasema, ameridhika. "Nani kakufundisha, binti?"

"Mama," Asifiwe akajibu. Sauti ilikuwa ndogo na hakumtazama mtu.

Naomi alikuwa mtu wa kumaliza mambo kabla hayajapoa. Akamgeukia Felista, akapunguza sauti kidogo kama wanawake wanavyoombana. "Mwalimu, siku ya harusi nitakuomba jambo moja. Tuazime huyu mama. Asimamie jiko letu, na hiki kinywaji atutengenezee cha kutosha. Watu wa Karonga lazima wakionje."

Felista akaiona siku ile yote kwa mara moja. Hema, viti vya mstari wa mbele, picha za ukoo, na nyuma ya nyumba, kwenye moshi, mama yake akikoroga wali wa harusi ya mjukuu wake. Akafungua mdomo.

"Nitakuja," Kisa akasema kutoka mlangoni. "Nitawapikia vizuri, msiwe na wasiwasi."

"Hakuna shida," Felista akasikia sauti yake mwenyewe ikisema. "Tutamleta."

Jua lilikuwa bado juu wageni walipoaga. Oscar aliwasindikiza hadi kwenye gari, Naomi akiongea, wajomba wakibeba chupa iliyobaki. Mzee Sedekia alibaki nyuma pale getini, akijifanya anafunga vizuri kifungo cha shati. Felista akasimama naye, akamshukuru, akasema maneno yote yanayosemwa.

"Mwalimu," mzee akasema, "mimi nilipokuwa kijana nilikuwa nachukua ndizi Ikolo kupeleka ng'ambo ya mto. Tulikuwa tunapumzika kwa mama mmoja. Gongo za watu wengine zinaunguza tu. Ya yule mama, ukishameza, ndizi mbivu inarudi mdomoni. Nilidhani sitaionja tena."

Felista alishika chuma cha geti. Kilikuwa cha moto kwa jua na hakukiachia.

"Mwanawe wa kike alikuwa anasoma sana. Alitusomea magazeti, sisi tusiojua. Yule mama alijivunia mtoto yule mpaka tukachoka kusikia." Mzee hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na yeye leo alinitambua, nilimwona. Akaniomba kwa macho nisiseme. Sikusema, maana si mimi wa kusema. Nilikaa namngoja wa kusema."

"Mzee," Felista akaanza.

"Binti tumempenda. Hilo usihofu, hatukuja kuchagua pombe. Tutamwoa." Akampa mkono. "Msalimie mama yako."

Gari likaondoka. Felista alibaki pale getini na mkono ukiwa bado umenyooka, mpaka aliposikia vyombo vikigongana jikoni ndipo akaingia ndani. Kisa alikuwa ameinamia beseni, anaosha vile vibilauri kimoja kimoja, anavisuuza, anavipanga kwenye kitambaa. Mlango wa chumba cha Asifiwe ulikuwa umefungwa.

"Wamekipenda?" Kisa akauliza bila kugeuka.

"Wamekipenda sana."

"Nilidhani sukari imezidi." Akachukua kibilauri kingine. "Wameondoka vizuri?"

"Vizuri." Felista aliegemea ukuta. Maneno yalikuwa machache na hayakutaka kutoka. "Mzee Sedekia amesema anakusalimu."

"Anamsalimu nani? Mpishi?"

"Hapana. Amesema nimsalimie mama yangu."

Mikono ya Kisa ilisimama ndani ya maji. Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Kisa akakitoa kibilauri, akakifuta, ingawa kilikuwa safi tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza siku ile akageuka kumtazama binti yake usoni. Uso wake ulikuwa umechangamka, umejaa tumaini kama wa mtoto anayengoja matokeo ya mtihani, na Felista angetoa chochote asiuone.

"Na wewe," akauliza, "ulimjibuje?"

Felista alitafuta, lakini kwa siku ile uongo wote ulikuwa umemwishia.

"Sikumjibu, mama," akasema.